Sifa za Dibaji Ndefu

Watu wenye haraka wamezoea kuitukana dibaji ndefu. Riwaya ya majini na mazimwi, wanasema, iingie vitani ukurasa wa tatu. Basi acheni nimtetee mnyonge huyu.

Kwanza, ana nasaba. Katika tendi za pwani upanga hauchomolewi mpaka mtunzi amsifu Mungu, amsalie Mtume, kisha aagize karatasi, wino na kalamu, kana kwamba wasikilizaji tumefungua duka la vifaa vya shule. Aliyetuharibia ni Shaaban Robert: mwaka 1951 aliitundika nchi ya riwaya yake, Kusadikika, angani, akaizungushia mipaka ya pepo, akamfikisha shujaa wake Karama mbele ya mashtaka upesi upesi. Haraka ya nini?

Mchukue kwa mfano Kolelo, nyoka wa pangoni Uluguru, ambaye watu walimwendea kuomba mvua na ambaye jina lake lilihusishwa na dawa ya vita vya Maji Maji mwaka 1905. Mwandishi mvivu angemtoa pangoni sentensi ya kwanza. Mwandishi kamili ataanza na mwamba ulivyoumbika. Atapanda msituni, amwandikie kurasa sita ndege asiyepatikana popote duniani ila kwenye milima ile, ambaye kazi yake yote hadithini ni kulia mara moja. Na kwa kuwa Waluguru huhesabu ukoo kwa mama, shujaa haruhusiwi hata kupiga chafya kabla hatujawajua wajomba zake wote. Halafu waje machifu wa Kinole, hukohuko Uluguru, kila mmoja akirithi jina lilelile la Kingalu, jambo linalompunguzia mwandishi kazi na kumpoteza msomaji kabisa.

Uzuri mkubwa ni huu: ndani ya dibaji hakuna kilichokwisha haribika. Utabiri haujaenda kombo, shujaa hajaanza kuhutubia kama mgombea ubunge. (Atahutubia tu.)

Najua, tangu Juni 2024 treni ya reli ya kisasa, SGR, hutoka Dar es Salaam ikafika Morogoro kabla saa mbili hazijaisha, na wapinga dibaji wamezidi kiburi. Enzi za basi, kwa foleni ya Kibaha peke yake, abiria alimaliza dibaji akarudia.

Urefu? Juzuu ya kwanza nzima. Kolelo achungulie ukurasa wa mwisho, na atakayelalamika aambiwe juzuu ya pili iko kiwandani, ila nayo ina dibaji yake.