Picha ya Angani Hupigwa Chini: Kumi Mpaka Moja kwa Mrukaji Mwenye Kamera

Mrukaji wa miavuli huhesabu kurudi nyuma. Ndege ikishafika mita 4,000 mlango hufunguliwa, na kuanzia hapo namba za kwenye altimita ya mkononi zinashuka tu: 3,000, 2,000, 1,500. Ndiyo maana orodha hii nayo inaanzia kumi. Imeandikwa kwa wanaotaka kuruka na kamera, na kwa wale ambao hawataruka hata kwa kulipwa, ila wangependa kujua aliyempiga picha shemeji yao juu ya bahari ya Diani, mdomo wazi na mashavu yakipepea, alikuwa amesimama wapi.

Hakusimama popote. Alikuwa anaanguka naye.

10. Una chini ya dakika moja, na hakuna "hebu rudia tena"

Ukilala kifudifudi hewani unashuka kwa takriban kilomita 190 kwa saa. Kutoka mita 4,000 hadi mita 1,500, ambako mwavuli wa tandemu, wa mteja na mwalimu wake, hufunguliwa, ni sekunde 50 hivi. Mpiga picha wa harusi hutumia muda mrefu kuliko huo kumwomba mama mkwe asogee kushoto.

Mteja na mwalimu waliofungwa pamoja wangeshuka kwa kasi zaidi kwa sababu ya uzito wao, ila nyuma yao kuna kimwavuli cha breki kinachowashikilia kwenye mwendo wa mtu mmoja. Kisingekuwepo, mpiga picha angebaki juu akipiga visogo.

9. Huku chini fulana, huko juu friji

Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa kama nyuzi 6.5. Ufukweni kukiwa na nyuzi 30, mlangoni mwa ndege zimebaki nne. Betri hazipendi baridi, na huzimika bila kuaga. Iliyojaa chaji iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, uifunge kwenye kamera dakika za mwisho.

Tabu kubwa zaidi ni kushuka. Lenzi iliyopoa huko juu ikikutana na hewa nzito ya Pwani inafunikwa na ukungu papo hapo, na picha ya kutua inatoka mteja na ufukwe wote wamezama ndani ya uji. Dawa kamili hakuna, kuna kupunguza. Usiilaze kamera kwenye chumba chenye kiyoyozi usiku kucha, na ndani ya kasha lake weka vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Ndiyo, vile ambavyo huwa unavitupa.

8. Lenzi pana, umbali mfupi

Lenzi ndefu ya kupigia simba Tsavo iache garini. Hewani unasogea mpaka mita mbili tatu kutoka kwa unayempiga, na hapo zinafaa lenzi za milimita 24 kushuka hadi 15. Upana huo unakupa uso, miguu, ndege inayopotelea nyuma na mstari mweupe wa mawimbi kwenye mwamba, vyote kwenye fremu moja. Pia unakusamehe ukitikisika kidogo, na utatikisika.

7. Panga mitambo ukiwa bado una vidole

Namaanisha vidole visivyo ndani ya glavu, visivyotetemeka, visivyo na kazi nyingine. Kasi ya shata iwe 1/1000 ya sekunde au karibu na hapo, tundu la lenzi f/8 au jirani yake, na usikivu uachie kamera ijipangie. Fokasi ifunge kwa mkono kisha ibandike utepe. Ukiiachia fokasi ya kujiendesha itazunguka ikitafuta kitu cha kushika katikati ya anga la buluu, na ikikipata mteja ameshatua, amelipa, anakunywa madafu.

Jua liwe nyuma yako wewe, si nyuma yake yeye. Hilo hupangwa ardhini na rubani na mwalimu: ndege itaelekea wapi, nani atatangulia mlangoni, nani atageukia upande gani. Ukianza kulitafuta jua baada ya kuruka, umechelewa kama sekunde 50.

Na shata inabonyezwa na nani, ikiwa mikono ina kazi nyingine? Mdomo. Kuna swichi ndogo ya kung'ata, au ya kusukuma kwa ulimi, yenye waya unaopanda hadi kwenye kamera iliyo kichwani. Ukimwona mtu amekaa kwenye ndege anatafuna kimya kimya, si bigijii.

Tukiwa hapo, mojawapo ya picha maarufu kuliko zote za kuruka haikupigwa na mkono wala mdomo. Tarehe 16 Agosti 1960 Joseph Kittinger wa jeshi la anga la Marekani alitoka kwenye kikapu cha puto akiwa zaidi ya kilomita 31 juu ya jangwa la New Mexico, na kamera iliyofungwa kwenye kikapu ikapiga yenyewe ikimwangalia mgongoni. Mpiga picha bora kabisa: hakuomba maji, wala hakumwambia atabasamu.

6. Mikono ni mabawa

Suti ya mpiga picha ina kitambaa kati ya mkono na ubavu. Akitanua mikono hewa inajaa humo naye anapunguza mwendo. Akiikunja anawahi chini. Ndivyo anavyolingana na mteja mzito asubuhi na mteja mwepesi mchana. Kwa kulenga hutumia kioo kidogo chenye duara kilichokaa mbele ya jicho moja. Anageuza shingo, kamera inageuka.

5. Kofia isiwe na kitu cha kunasa

Hapa utani tunaupunguza kidogo. Carl Boenish, mmoja wa walioonyesha dunia kuanguka kunafananaje, alibeba kamera za filamu kichwani kwa ajili ya sinema ya The Gypsy Moths ya mwaka 1969. Kamera za leo zinaingia kiganjani, na watu wakadhani hatari nayo imesinyaa. Haikusinyaa. Kinachoua si uzito peke yake. Skrubu iliyochomoza, kishikizo cha plastiki au kona ya kamera inaweza kudaka kamba ya mwavuli unaofunguka. Hapo una mwavuli uliofungwa kichwani.

Kwa hiyo pitisha kipande cha kamba juu ya kofia yako nzima, taratibu, kila upande. Kinaponasa, hapo pana kazi: jaza mwanya, pachika kifuniko, bandika utepe. Kisha hakikisha bizimu ya kidevuni inaachia kwa mkono mmoja, mkono wowote, ukiwa na glavu, ukiwa umefumba macho. Ikibidi, kofia na kamera yake vinatupwa viende zake. Kamera ina dhamana ya duka. Shingo haina.

Na shingo yenyewe: mwavuli ukianza kufunguka, nyoosha mgongo, tazama mbele, usiinue kichwa kuushangaa. Kilomita 190 kwa saa zinaisha ndani ya sekunde chache, na kilo moja iliyo juu ya kofia haina habari kwamba mmeanza kusimama.

4. Kamba zina tabia, zisome

Mkunjaji wa miavuli anashinda siku nzima kwenye turubai, magoti yamechubuka, akishindana na nailoni mpya isiyopitisha hewa. Kitambaa hicho kinateleza. Kukikunja ni kumvisha shati mtoto wa miezi minane ambaye hataki. Lakini ukimuuliza hofu yake, hatakutajia kitambaa. Atakutajia kamba.

Katikati ya kamba kuna slaida, kipande cha kitambaa cha pembe nne chenye pete nne pembeni. Mwavuli unapofunguka slaida hushuka ikisugua kamba, na ndiyo inayozuia usifunguke kwa kishindo. Msuguano huo una joto. Kamba za Spectra, nyembamba na zenye nguvu, hazipendi joto: hujikunja na kufupika, hasa zile za pembeni na za breki zinazosuguliwa zaidi. Mruko hadi mruko huoni kitu. Baada ya mamia, mwavuli uliokuwa mpole unafunguka ukigeukia upande, unavuta kushoto bila kuambiwa, na mwenyewe anamlaumu mkunjaji. Maskini mkunjaji. Fundi anaitandaza seti nzima, anaivuta kwa nguvu ileile kila kamba, anapima na kulinganisha na jedwali la kiwanda, na ukweli unajulikana kwa sentimita. Kamba za Vectran hazifupiki hivyo, ila hutoa nyuzinyuzi mpaka zikatike. Za Dacron ni nene na zinanyumbuka kidogo, na huo ndio upole wake.

Kwa wanaotua ufukweni kuna nyongeza mbili. Mchanga huingia kwenye mikunjo na kusaga nyuzi kila mwavuli unapofunguka, kwa hiyo kung'uta kabla ya kukunja. Na ukitua baharini, suuza vyote kwa maji baridi mapema, kwa sababu chumvi ikikaukia ndani inabaki na chembe zinazokwaruza. Anika kivulini. Jua linakula nailoni, halafu halitoi risiti.

3. Wa akiba una mwenyewe

Mwavuli mkuu unaweza kuukunja wewe. Wa akiba huugusi. Marekani sheria inataka ukunjwe na fundi mwenye cheti, na ukiwa wa nyuzi za kiwandani ufunguliwe, ukaguliwe na kukunjwa upya kila siku 180, hata kama haujatumika hata mara moja. Wa hariri ni siku 60. Kazi hiyo inakula saa kadhaa. Mwishoni fundi anafunga pini kwa uzi mwembamba mwekundu, anaubana na kipande cha risasi chenye alama yake, na kuandika kwenye kadi inayokaa mfukoni mwa begi: tarehe, kazi, sahihi. Soma kadi hiyo. Watu husoma tarehe ya mwisho ya maziwa lakini ya mwavuli wanamwachia Mungu.

Humo humo kuna kisanduku kinachopima kasi na urefu. CYPRES, cha Ujerumani, kiliingia sokoni mwaka 1991. Toleo la mrukaji mzoefu likikukuta kwenye mita 225 hivi bado unashuka kwa zaidi ya mita 35 kwa sekunde, linaamua umezimia, umechanganyikiwa au unaangalia kamera, na linakata kitanzi kinachofunga mwavuli wa akiba. Halijali ni lipi kati ya hayo matatu.

2. Tatu, tatu, tatu

Kabla ya kupanda ndege, na tena kabla ya mlango: pete tatu, mikanda mitatu, vishikio vitatu.

Pete kwanza. Bill Booth, Mmarekani, alizibuni katikati ya miaka ya 1970. Kila bega lina pete kubwa kwenye hanesi, ya kati inapita ndani yake na kulala juu, ndogo inapita ndani ya ile ya kati, na kitanzi cha uzi kinaibana ndogo kikizuiwa na waya laini. Kila pete inampunguzia mzigo inayofuata, kiasi kwamba uzito wote wa mtu unafika kwenye kitanzi ukiwa mdogo mno. Mwavuli mkuu ukiharibika unavuta kishikio kimoja, waya unatoka, pete zinaanguka moja baada ya nyingine, na mwavuli mbovu unaondoka bila ugomvi. Pete ikikaa vibaya, hesabu hiyo yote imeharibika.

Mikanda: kifua, paja, paja. Wa kifua ndio mjanja, kwa sababu ukipitishwa vibaya kwenye bizimu unaonekana mzuri mpaka uvutwe. Vishikio: cha kufungulia mkuu, cha kuuachia, cha akiba. Viguse kwa mkono. Suti ya mabawa inaweza kufunika kimoja, na hilo ni tatizo la mpiga picha peke yake.

Mwaka 1988, North Carolina, mpiga video mzoefu mwenye mamia ya miruko alipanda kumpiga mwanafunzi na mwalimu wake. Alikuwa amevaa kamera kichwani na mitambo yake ya kurekodi mgongoni. Uzito ulikuwepo, mikanda ilikuwepo. Mwavuli haukuwepo. Alitoka mlangoni akaendelea kurekodi. Alijua kuruka kuliko karibu kila mtu ndani ya ndege ile, na akili yake ilikuwa kwenye picha.

1. Miruko 200 kwanza

Chama cha warukaji cha Marekani kinashauri uwe na miruko 200 kabla ya kubeba kamera, hata ile ndogo. Vijana hulichukulia hilo kama ubaguzi. Nendeni kwa fundi yeyote, mtasikia mazungumzo haya:

"Fundi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Una miruko mingapi?"

"Kumi na minane. Naomba unifungie kamera kwenye kofia. Kadogo tu."

"Kadogo kiasi gani?"

"Kanaingia mfukoni."

"Basi kaache humo mfukoni. Na suruali uiache chini."