Sifa za Draiva Isiyotaka Kuhama

Kuhamisha draiva kutoka mfumo endeshi mmoja wa BSD kwenda kwa nduguye ni taabu yenye nasaba njema, na nasaba ndiyo sifa yake ya kwanza. NetBSD na FreeBSD zilizaliwa mwaka mmoja, 1993, zote zikitokana na 386BSD. OpenBSD ikajitenga na NetBSD mwaka 1995. Lugha yao ni C, chimbuko lao Berkeley, na leseni zao zinamruhusu yeyote kunakili atakacho. Humo hamna wakili wala hakimu. Ni taabu tupu, kama maziwa yasiyotiwa maji.

Sifa ya pili ni ukarimu. Draiva ya mfumo wa mbali humkatalia mtu mlangoni, akarudi kwake mapema. Ya ndugu humkaribisha ndani na kumpa kiti. Fanksheni ya kusoma rejista za kifaa, bus_space_read_4, ina jina lile lile na vigezo vile vile kote, na mhamishaji akiiona huahidi kumaliza kabla ya chakula cha jioni. Kisha hufika kwenye bus_dmamap_load. Jina halikubadilika, lakini katika NetBSD na OpenBSD anwani za kumbukumbu huchukuliwa ndani ya ramani yenyewe, ilhali FreeBSD hudai ipewe fanksheni nyingine, iiite yenyewe anwani zikiwa tayari. Chakula hupoa.

Ukarimu huo haung'ai popote kama katika sifuri. Mashine inapowaka, kerneli huiuliza kila draiva kama kifaa kilichoonekana ni chake. Kwa NetBSD na OpenBSD, sifuri ni kusema “si changu”. Kwa FreeBSD, sifuri hiyo hiyo ndiyo dai kubwa kuliko yote: “ni changu, wengine wakae mbali”, na moja, ambayo kwa ndugu zake ni ndiyo, kwake ni hitilafu. Draiva iliyonakiliwa bila kusahihishwa hapo huikana kadi yake na kudai za jirani. Kompaila haina neno, maana sifuri ni sifuri.

Kuna pia splnet, iliyokuwa ikizuia kadi ya mtandao isiikatize kerneli kazini. OpenBSD ingali nayo. FreeBSD, kuanzia toleo 5.0 la mwaka 2003, ilihamia kwenye kufuli za mutex ili prosesa nyingi zifanye kazi ndani ya kerneli kwa pamoja, na splnet ikaachwa kwa miaka kadhaa kama jina tu: inaitwa, inaitika, hailindi kitu. Walinzi wa namna hiyo wapo katika ofisi nyingi, na mshahara hawakosi.

Subira nayo ni ya kusifiwa. Mhamishaji akisahau bus_dmamap_sync, inayopatanisha kumbukumbu na kashe ya prosesa, kompyuta ya kawaida ya Intel mara nyingi haitamshtaki. Kosa litakaa kimya, likingoja ubao wa ARM ambao kashe yake haijipatanishi, na huko pakiti zitafika zikiwa na taka za jana.

Iwn, draiva ya kadi za waifai za Intel iliyoandikwa kwanza kwa ajili ya OpenBSD, ilizionja fadhila hizi ilipopelekwa FreeBSD. Toleo 8.0 la mwaka 2009 liliamua kadi moja iweze kubeba vituo kadhaa vya kufikirika, kwa hiyo mtumiaji wa FreeBSD huunda wlan0 juu ya iwn0, ilhali yule wa OpenBSD huielekeza iwn0 moja kwa moja. Draiva mbili zenye jina moja na mwandishi mmoja wa asili zikawa zinasema na tabaka mbili tofauti za waifai. Tangu hapo, rekebisho lililofanywa upande mmoja haliingii wa pili kwa kunakiliwa tu: huhamishwa kwa mkono, mstari kwa mstari, pamoja na sifuri zake.