Aliyeng'atwa Ndiye Mkosaji

Ukitaka kujua thamani yako mbele za watu, ng'atwa na paka. Aliyeng'atwa na mbwa hupewa pole, hupewa kiti, na mtaa mzima huja kutazama jeraha. Aliyeng'atwa na paka huulizwa: "Kwani ulimfanya nini?"

Swali hilo nimeulizwa na mke wangu, na wanangu, na muuza kahawa, na nesi wa hospitali moja hapa Tanga aliyekuwa akiandika maelezo yangu huku mabega yakimtikisika kwa kicheko. Foleni nzima ikasikia. Mzee mmoja aliyeleta goti lake likatazamwe alilisahau goti, akanigeukia: "Paka, mwanangu? Paka huyuhuyu nyau?"

Ndiyo, mzee wangu. Nyau.

Mhusika anaitwa Sukari. Jina hilo alipewa na binti yangu kabla tabia haijajulikana, na pale kwetu Ngamiani jina likishatolewa halirudishwi. Ni jike la kijivu lenye mistari, na uzito wake haufikii mfuko wa sembe wa kilo 5. Lakini ana makucha 18: matano kila mguu wa mbele, manne kila mguu wa nyuma. Hesabu hiyo sikuisoma popote, naibeba miguuni.

Zamu yake ni alfajiri. Paka huchangamka kunapokucha na kunapokuchwa, ndizo saa zao za kuwinda, na mimi alfajiri ndipo ninapotoka kwenda kutia udhu, na kandambili zangu, usingizi haujanitoka sawasawa. Yeye keshajibanza chini ya kabati la vyombo. Hamwoni mtu anayemnunulia dagaa. Anaona kifundo cha mguu kinapita. Nikipiga yowe nyumba inaamka na kesi inasikilizwa papo hapo. "Baba Zuhura, utakuwa umemkanyaga," anasema mke wangu, hata taa hajawasha. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea siku mbili wakati wa Idi na bado yupo, hutoa hukumu kutoka chumbani: "Paka wa nyumba haingwa, baba." Mkwe ni mkwe. Nasema "Naam, mama," naendelea kuchuruzika damu kwa adabu.

Wahenga wa methali hiyo walisema pia paka hakubali kulala chali. Hawakumjua huyu. Sukari hulala chali katikati ya sebule, tumbo juu, macho nusu, mpaka mgeni anaingiwa na huruma na kuinama ampapase. Mkono unadakwa kwa miguu minne na meno. Paka akikuonyesha tumbo hajakukaribisha uliguse. Fahamu tu kwamba silaha zote ziko juu.

Nikamwita bwana mifugo. Alikuja na pikipiki akitokea Pongwe, kwa ng'ombe. Akamtazama Sukari kwa mbali, Sukari akasogea amtazame kwa karibu. "Ng'ombe ukimfunga kamba umemaliza," alisema akiongeza glavu za pili. "Huyu utamfunga wapi?" Lakini mtu yule kazi anaijua. Alikagua meno na masikio, akambonyeza mgongo na nyonga, kwa sababu ukali wa paka mara nyingi hutokana na maumivu. Hakuona kitu. "Mzima kabisa," akasema. "Ukali wake ni wa akili timamu."

Kisha yakaja maswali. Aliletwa na umri gani? Mdogo, hata kunyonya hajaacha vizuri. Basi hakung'atana vya kutosha na ndugu zake, na huko ndiko paka hujifunzia kipimo cha jino. Nani hucheza naye? Watoto, kwa vidole. Basi mmemfundisha kuwa kidole ni panya. Kuna paka wengine hapa nje? Yupo shume wa jirani, kila jioni huja kukaa dirishani. Bwana mifugo akatikisa kichwa: Sukari anamwona adui nyuma ya wavu, hamfikii, hasira zinaishia kwenye mguu ulio jirani. Kumbe damu yangu inamwagika kwa ugomvi wa watu wawili ambao mmoja wao hata sijatambulishwa!

Dawa sasa. Watoto wacheze naye kwa kamba yenye kitambaa, mikono iwekwe mbali. Achezeshwe mpaka achoke, ndipo ale cha usiku. Shume akija, pazia lishuke. Mkia ukianza kupigapiga na masikio yakilala nyuma, acha kumpapasa hapo hapo. Na asipigwe, maana kipigo humtia hofu, na paka mwenye hofu hung'ata zaidi. Nikangoja sehemu inayomhusu Sukari mwenyewe. Haikuja. Masharti yote yangu. Yeye alichomwa sindano moja tu, ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao pamoja na jina lake hauwabagui paka, na sindano hiyo pia nililipia mimi.

Hapo utani nauweka kando. Mnyama akikung'ata, hata kama ni nyau wa kilo tatu, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali ukaulizie chanjo. Jino la paka ni jembamba, tundu lake halionekani, lakini linavizamisha vijidudu ndani na kesho yake mkono umevimba. Foleni icheke itakavyo.

Siwezi kusema hali haijabadilika. Kamba zimejaa sebuleni, mimi ndiye ninayejikwaa nazo. Pazia linashushwa jioni, joto la Tanga tunalivumilia kwa ajili ya amani ya moyo wa Sukari. Mashambulizi ya alfajiri yamepungua, na mama mkwe anasema ni kwa sababu sasa natazama ninapokanyaga.

Ukija kwangu karibu sana, ila vaa soksi nene, na kile kiti cha dirishani usikikalie. Kina mwenyewe.