Namna ya Kutengeneza Hitilafu ya Bendera na Heshima Yako Ikabaki

Programu inaanguka yenyewe. Jana mara mbili, leo mara moja, halafu wiki nzima kimya. Bosi ameshaanza kukuita "mtaalamu wetu" kwa sauti usiyoipenda. Tulia, ndugu yangu. Balaa hili liliwakuta watu wa Linux mwaka 2008, na wametuachia njia za mkato za kutosha.

1. Laumu kompaila. Ushahidi unao: GCC 4.3 ilipotoka Machi 2008, programu zilizokuwa salama zikaanza kuharibika. Ishia hapo hapo. Akitokea mjuaji akasema kwamba kanuni za x86 zinataka bendera ya mwelekeo iwe sifuri kila fanksheni inapoanza, kwamba GCC za nyuma zilikuwa zikiizima zenyewe kwa ukarimu tu, na kwamba 4.3 imechoka kumfanyia kazi kerneli, kohoa kidogo uulize chai iko wapi.

2. Kariri maelezo yafuatayo, utayahitaji kikaoni. Bendera ya mwelekeo ni biti ya 10 katika rejista ya bendera. Ikiwa 0, maagizo ya prosesa ya kunakili kumbukumbu huenda mbele. Ikiwa 1, huenda kinyumenyume. Fanksheni ya kunakili, memmove, huweza kuiwasha pale sehemu ya kuchukulia na ya kuwekea zinapopandana, ili ianzie mwishoni. Sasa signali ikiingia katikati ya kunakili, kerneli huisimamisha programu na kuita fanksheni ya kupokea signali, bendera ikiwa bado 1. Fanksheni hiyo inataka kufuta jedwali lake dogo kwa sifuri. Sifuri zinarudi nyuma na kumwagikia data ya jirani, na jirani ndiye anayeanguka, dakika kumi baadaye, hana hatia. Sema haya polepole, mkono mmoja mfukoni. Hakuna atakayeuliza utamaliza lini.

3. Weka printf ndani ya fanksheni hiyo ya signali. Imekatazwa, najua. Lakini mpangilio wa muda utasogea, na hitilafu huenda ikajificha mpaka uende likizo.

4. Ikirudi, kompaili upya kwa -mcld, chaguo lililoletwa na GCC 4.3.1. Kila fanksheni inayotumia maagizo hayo ya kunakili itaizima bendera mlangoni. Kerneli imebaki na ugonjwa wake, sawa, ila programu za wengine wewe zinakuhusu nini?

5. Ukibanwa kabisa, tengeneza kweli. Kerneli inapoiandalia fanksheni ya signali rejista zake, izime biti ya 10. Basi. Bendera za awali zimehifadhiwa kwenye staki. Fanksheni ikimaliza zinarudishwa, na memmove inaendelea kinyumenyume pale ilipoishia. Linux ilipata dawa hii katika toleo la 2.6.25. Tatizo ni kwamba ni mstari mmoja, na mstari mmoja haupandishi mtu cheo. Uzungushie maelezo marefu, taja "usanifu" mara tatu, na usisahau jina lako.

6. Jaribio liandike, ila lifiche. Unaiwasha bendera kwa std, unajitumia signali, unasoma biti ya 10 ukiwa ndani ya fanksheni. Ni kazi ya kabla ya chakula cha mchana, na wewe uliomba mwezi mzima.