Kilwa Ipi, Bwana Mkubwa?

Karibu, mgeni wetu wa mjini. Wewe unayekwenda Kariakoo hata umefumba macho, umeshuka Kashikishi ya Zambia, kando ya Ziwa Mweru, na kazi ya kwanza ikawa kuinua simu juu uite teksi. Simu imezunguka weee, hadi imechoka. Teksi ya nini? Lami yetu inatoka Mansa, inapita Mwansabombwe kwa chifu wetu Mwata Kazembe, inaingia Nchelenge. Kupotea kwenye njia hiyo nako ni kipaji.

Basi ukataka boti ya Kilwa. Mwenye boti, magamba ya samaki yamemganda hadi viwikoni, akakuuliza kwa adabu: "Kilwa ipi, bwana mkubwa?" Ukacheka. Kilwa unaijua, ulishapigia picha magofu yake! Hongera, ila ile iko Bahari ya Hindi, na petroli ya huyu bwana haifiki huko. Mweru ina Kilwa zake mbili: kisiwa, ambacho ni cha Zambia, na mji wa ng'ambo, ambao ni wa Kongo. Ya kwanza inataka nauli. Ya pili inataka pasipoti, na utadaiwa hiyo pasipoti kwa Kiswahili cha Katanga, kwa hiyo usisingizie lugha.

Ukaamua heri ule kwanza. Samaki mbichi, tena Januari! Kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa ili samaki wazaane. Umekunja uso, unauliza malalamiko yapelekwe kwa nani. Subiri hapo kivulini, tunakuitia meneja wa ziwa.