Kutoka sita hadi moja: vyombo vya mkono vya Unguja

Mlango wa nakshi haumo. Najua, kila mgeni anayeshuka bandarini Malindi hupigwa picha mbele ya mmoja, lakini mlango hauchuji tui wala hauchoti mchuzi. Hapa tunapanga vidogo vyenye kazi. Mwenye kubisha abishe, baraza ipo.

6. Kinyago cha mpingo. Kizuri, na kizito hata majini kinazama. Ila mti wake umevuka kutoka bara na ufundi wake una wenyewe, Wamakonde. Mgeni tumempokea vizuri, lakini kiti cha mbele tumekikalia.

5. Mtalawanda. Kiatu cha mti, hakina kamba wala ngozi. Unakishika kwa vidole kwenye msuruaki. Ukikivaa kwenda kuoga, nyumba nzima inajua umekwenda na umekaa muda gani.

4. Kifumbu. Mfuko wa ukili wa kukamulia nazi. Unausokota kwa mikono miwili mpaka chicha inabaki kavu. Chujio la plastiki linangoja tui lidondoke kwa hiari yake. Anayepika wali kwa chujio apike, ila Ijumaa asitualike.

3. Bao. Mashimo 32, safu nne za manane, na kete 64 za komwe. Ufundi uko kwenye kina: mashimo yasipolingana, mkono unakosa kete na mshindwa anapata kisingizio. Chonga sawasawa, tumnyime.

2. Kamba ya makumbi. Wanawake wa pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, hufukia makumbi mchangani, pale maji yanapojaa na kupwa, miezi kadhaa, mpaka nyama yake ioze zibaki nyuzi. Ndipo huyafukua, huyaponda kwa gongo, huyaanika na kuyasokota viganjani. Harufu ya siku ya kufukua haihitaji kutangazwa. Kwa kamba hizi mitepe ilishonwa ubao kwa ubao, bila misumari ya chuma, ikabeba mizigo baharini. Mwenye kudharau kamba hii na aanze kwa kuisokota pima moja.

1. Upawa. Ndiyo, upawa! Kifuu ambacho wengine hukitia motoni. Chagua cha nazi iliyokomaa, upande usio na macho, maana wenye macho utakuvujia. Kwangua makumbi yote kwa kisu, kisha sugua kwa majani makavu ya msasa, nje na ndani, mpaka king'ae. Toboa matundu mawili yanayotazamana na upitishe mpini wa mti uliochongwa ubane. Ukilowa utavimba na kukaza zaidi. Hakuna gundi, hakuna msumari, na sufuria haikwaruzwi. Kazi ya asubuhi moja, na mama mkwe hana la kusema.

Vanishi usipake. Itaishia kwenye mchuzi wa watu.