Sifa za Mbu wa Kaskazini

Washairi wa pwani wameusifu mnazi mpaka makumbi yake, wakamsifu na tausi, ndege ambaye kazi yake ni kutembea tu. Mbu sijaona akipewa hata kibwagizo. Naomba nimtoe aibu hiyo leo. Wala simkusudii mbu wa Kisumu au wa Tanga, ambaye ni muuaji na hastahili mzaha. Namsifu binamu yake wa kaskazini mwa Minnesota, kwenye msitu unaopakana na Kanada, kule Boundary Waters ambako sisi Waafrika Mashariki wa Minneapolis na vitongoji vyake hupanga kila mwaka kwenda kupiga kambi. Nasema hupanga.

Kwa asiyepajua, ni hekta zaidi ya 400,000 za misonobari, mawe na maji. Maziwa yamepita 1,000. Ndani hamna barabara, hamna duka, na simu mara nyingi ni ya kutazamia saa. Unasafiri kwa mtumbwi, na ziwa likiisha unautwika mtumbwi mabegani, kichwa kikiwa ndani yake, ukaupeleka ziwa la pili kwa miguu. Njia hizo bado zinapimwa kwa rodi, kipimo cha kale cha kama mita tano. Ramani ikikuandikia rodi 180, maana yake ni mita 900 za mizizi na matope, mikono yote miwili imeshika mtumbwi, na mbu analijua hilo.

Sifa zake ndogondogo nitazipitia haraka. Habagui: mwenye shahada ya uzamivu na anayeosha vyombo wote kwake ni damu. Hatuletei malaria. Dume hamuumi mtu, anakula maji matamu ya maua, na katika kula huko mbu husaidia kuchavusha okidi mojawapo ya misitu hiyo. Ni mdudu mwenye hadhi pia, kwani dawa ya DEET tunayojipaka ilibuniwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wanajeshi wa Marekani. Sijui nzi ana nini cha kuweka mbele ya hayo.

Sifa yake kuu ni kutimiza ahadi. Hapa nataka twende polepole.

Mbu atakayekuuma Juni alitagwa kiangazi kilichopita, yai katika udongo wenye unyevu, mahali ambapo mama yake aliamini maji yatatuama theluji ikiyeyuka. Yai likalala. Likafunikwa na theluji. Majira ya baridi ya huko si maneno: tarehe 2 Februari 1996, mji wa Tower, jirani kabisa na msitu huo, ulifikia nyuzi 51 za Selsiasi chini ya sifuri. Katika baridi ya namna hiyo yai la mbu halikutuma ujumbe kwamba gari limekataa kuwaka. Halikusema lina mgeni kutoka nyumbani. Lilingoja, theluji ikayeyuka, likaanguliwa, na mwishoni mwa Mei mbu wa yai hilo alikuwa kwenye kiti chake, amekaa, anakusubiri wewe.

Wala hasubiri kukumbushwa. Hewa unayoitoa puani anainusa toka mbali, anakuja mwenyewe, na anakuja na ukoo. Mkikubaliana machweo, machweo yupo. Alfajiri yupo. Hata chooni yupo, na choo cha huko nikieleze kidogo: kila kambi ina kimoja, kiti cha faibaglasi kilichowekwa juu ya shimo katikati ya miti, bila ukuta, bila paa, bila mlango wa kubishia hodi. Unakaa pale umeshika karatasi kwa mkono mmoja na tawi la kupepea kwa mkono wa pili, unatazamana na msitu. Mwenyeji wako amefika kabla hujakaa vizuri. Nimehudhuria harusi ambazo bwana harusi hakupokewa kwa ari hiyo.

Fikiri basi kama huyu angekuwa mweka hazina wa chama. Angekusanya michango ya wanachama wote jioni moja, nyumba kwa nyumba, bila kuandika kumbukumbu za kikao. Hakuna ambaye angemwambia mshahara haujaingia. Anayejificha chini ya shuka angetafutiwa kisigino. Asiyekuwepo angefuatwa asubuhi. Na hesabu zingesomwa hadharani kwa sauti ile yake nyembamba, sikioni kwa kila mwanachama, saa nane za usiku. Mimi ningempa na uenyekiti.

Kwa sababu wenyeviti tulio nao ndio hawa. Kila Desemba, ugali ukishaliwa na watu wameshiba, anatokea mmoja aliyeona picha za ziwa lenye ukungu. Twendeni! Usiku huohuo kikundi cha WhatsApp kimeundwa, kina mwenyekiti, katibu, mweka hazina na mlezi, na kufikia Jumapili kina wanachama karibu arobaini. Sheria ya msitu inaruhusu watu tisa kwa kundi, hawazidi. Hilo linaandikwa, linawekewa vidole gumba, kisha mtu anauliza kama anaweza kuja na binamu zake.

Mjadala wa mbuzi huchukua wiki nzima. Mbuzi atachinjwa wapi, nani atabeba jiko, spika ile kubwa itaingia mtumbwi upi. Ukisema chupa za kioo na makopo ya vinywaji hayaruhusiwi kule, unaulizwa umekuwa mzungu lini. Wakati huo jambo la maana limekaa pembeni. Kulala msituni kati ya Mei 1 na Septemba 30 kunahitaji kibali cha lango na tarehe maalumu, vibali vina idadi, na dirisha la kuviomba hufunguliwa mwishoni mwa Januari saa tatu asubuhi. Malango yanayopendwa hayangoji chai ipoe. Ada ni dola 16 kwa mtu mzima. Katibu anaomba majina na pesa. Majibu yanamiminika: “Tuko pamoja.” “Tuko pamoja mkuu.” “Pamoja sana.” Pesa haimiminiki. Pesa itatumwa Ijumaa, na hakuna aliyewahi kusema Ijumaa ya mwezi gani.

Juni ikifika mmoja kapata zamu, mwingine kasikia kuna dubu (tangu Desemba tulimwambia kuna dubu), mwenyekiti mwenyewe simu yake iko kwa fundi. Kibali kina jina la kiongozi, lazima afike na kitambulisho mkononi, na kiongozi huyo ni yule aliyelipia watu tisa kutoka mfukoni mwake.

Samahani, nilikuwa namsifu mbu.

Lakini nimalize. Tunapenda kusema hiyo ndiyo saa ya Kiafrika, tunacheka, tunapigana mabega. Si kweli. Watu hawahawa wana zamu ya saa kumi na mbili asubuhi katika nyumba za kutunzia wazee, na saa kumi na moja na nusu, Januari, giza totoro, utawaona nje wanakwangua barafu kwenye kioo cha gari. Dakika saba za kuchelewa zinaandikwa pale, wanajua. Hawachelewi. Saa wanaijua vizuri, na wanajua pia nani anaweza kuwafukuza na nani hawezi. Ndugu hawezi kukufukuza undugu, kwa hiyo ndugu atasubiri kwenye maegesho na mitumbwi minne ya kukodi iliyofungwa juu ya magari mawili. Hiyo ni dharau, hata kama tumeizoea.

Kwa msimu ujao nimetangaza kikundini kwamba jina litaandikwa pesa ikishaingia. Kimya. Kisha ikaingia dola 16 kutoka kwa shangazi mmoja wa Brooklyn Park ambaye hajawahi kuandika neno mle, wala kuweka kidole gumba. Akanipigia simu.

“Mwanangu, huko choo kipo?”

“Kipo, shangazi, ila hakina kuta.”

“Na mbu?”

“Wapo wengi.”

“Basi niandike.”

Nitamwandika kiongozi msaidizi, chini ya jina langu. Mwenyekiti ameshauliza kama shemeji yake anaweza kupata nafasi, atatuma Ijumaa.